Dipufeki: Nani Abebe Mzigo wa Kuthibitisha?

Siku ya kufunga mwaka 2018, Rais Ali Bongo wa Gabon alitokea kwenye video akiwatakia wananchi heri ya mwaka mpya. Walikuwa hawajamwona nyumbani tangu Oktoba, alipougua ghafla akiwa Riyadh, Saudi Arabia, kisha akahamishiwa Morocco. Mwanzoni serikali ilisema ni uchovu mkubwa. Baadaye makamu wake akataja kiharusi. Katika video hiyo uso ulikakamaa, macho hayakupepesa kama kawaida na maneno yalimtoka kwa shida. Wapo waliosema yule si rais, ni sura iliyotengenezwa na kompyuta. Januari 7, 2019, kundi la wanajeshi liliteka redio ya taifa mjini Libreville na kutangaza kwamba hotuba ile imezidisha shaka kuhusu uwezo wa Bongo kuongoza. Jaribio hilo la mapinduzi lilizimwa ndani ya saa chache.

Wataalamu walioipima video hiyo baadaye hawakupata ushahidi kwamba ilighushiwa, na yote yaliyotiliwa shaka yanaendana na hali ya mtu aliyepatwa na kiharusi. Tumezoea kuogopa kwamba dipufeki, yaani video, picha au sauti za kughushi zilizotengenezwa na kompyuta, zitawafanya watu waamini uongo. Gabon ilionyesha kwamba teknolojia hii inaweza kuleta madhara hata pale ambapo haikutumika. Inatosha watu wajue kwamba ipo. Shaka yenyewe haikuota bure, ilipandwa na serikali iliyoficha ugonjwa. Wanasheria wa Marekani Robert Chesney na Danielle Citron wanaliita jambo hili gawio la mwongo: kiongozi aliyenaswa kwenye rekodi halisi akipokea rushwa sasa ana utetezi usiomgharimu kitu. Atasema tu kwamba hiyo ni akili mnemba.

Kwa nini basi mashine zisitumike kuzinasa dipufeki? Njia mojawapo iliyofungua mlango, aliyoibuni Ian Goodfellow na wenzake mwaka 2014, inapambanisha programu mbili: moja inatengeneza picha, ya pili inakagua kama ni halisi au bandia. Kila kosa linapokamatwa, mtengenezaji anajifunza kulirekebisha. Njia mpya zimekuja tangu hapo, lakini tatizo halijaondoka: programu nzuri ya kutambua bandia inaweza kugeuzwa kuwa mwalimu wa anayezitengeneza. Kuna wakati tuliambiwa tutazame macho yasiyopepesa. Dalili hiyo ilirekebishwa upesi, na kwa Bongo ingemtia hatiani mgonjwa.

Hata hivyo, wanaoumia zaidi si marais. Mwaka 2019 kampuni ya Deeptrace ilihesabu mtandaoni video za dipufeki 14,678. Asilimia 96 zilikuwa za ngono, zilizotengenezwa bila ridhaa ya wenye sura, karibu wote wanawake. Rais ana ikulu, msemaji na televisheni ya taifa. Mwanafunzi wa chuo ambaye uso wake umepachikwa kwenye mwili wa mwingine hana hata kimoja. Picha inapita kwenye makundi ya WhatsApp, inamfikia shangazi, mchumba na mwajiri, na yeye ndiye anayetakiwa kujieleza. Hata akiaminiwa, ameshadhalilishwa. Kosa halikuwa kudanganya watazamaji tu. Lilikuwa pia kuichukua sura ya mtu na kuifanyia asichokiridhia.

Kipimo hicho cha ridhaa kinatusaidia kutenganisha yanayofaa na yasiyofaa. Mwaka huohuo wa 2019, katika kampeni ya kupambana na malaria, David Beckham alionekana akizungumza lugha tisa, Kiswahili kikiwamo. Kompyuta iliichezesha midomo yake ifuate sauti za watu wengine. Teknolojia ni ya aina ileile, lakini mwenye sura alikubali na watazamaji hawakufichwa.

Matapeli nao hawako nyuma. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video ambao wakubwa wake waliomo walikuwa wa kughushi. Kwetu, wale wa "ile hela itume kwenye namba hii" wamekuwa wakitegemea ujumbe mfupi. Sauti ya kughushi ya mwanao ikilia kwamba yuko hospitali ina nguvu zaidi ya ujumbe wowote. Kinga yake ni kukata simu na kumpigia kwenye namba uliyonayo.

Lakini tahadhari ya mtu mmojammoja haitoshi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kenya ina yake ya 2018, inayoadhibu kusambaza picha za faragha za mtu. Zote ziliandikwa kabla programu hizi hazijafika kwenye simu za mkononi, kwa hiyo mwathirika anaweza kujikuta akibishana mahakamani kama picha ya mwili usio wake ni picha yake. Nchini Marekani, sheria iliyosainiwa Mei 2025 inayataka majukwaa ya mtandaoni kuondoa picha za faragha zilizowekwa bila ridhaa, za kweli au za kughushi, ndani ya saa 48 baada ya mwathirika kulalamika. Huo ni mwelekeo mzuri, ila sheria isikataze "uongo" kwa jumla, maana wa kwanza kuikimbilia atakuwa yuleyule kiongozi mwenye rekodi ya aibu.

Mzigo wa kuthibitisha uhamishwe. Aliyetengeneza, aliyesambaza na kampuni iliyoruhusu ndio waoneshe ridhaa iko wapi, na anayedai kuwa rekodi ya maovu yake ni bandia alete ushahidi. Hilo ni la wabunge. La kwako, msomaji, ni jepesi zaidi: picha ya kumdhalilisha mtu ikikufikia, iwe ya kweli au ya kughushi, ifute, usiipeleke mbele.