Ifahamu Grafiti, Jiwe Jeusi Linaloandika

Ukiokota jiwe jeusi lenye mng'ao, laini, linaloteleza na kuacha alama vidoleni, huenda umeshika grafiti. Hapa Taita Taveta madini haya si mageni: hata vito vya kijani vya tsavoraiti hupatikana katika miamba yenye grafiti.

Grafiti ni nini?
Ni kaboni, sawa na almasi. Tofauti iko katika mpangilio wa atomi. Katika grafiti zimepangwa tabaka juu ya tabaka, mithili ya chapati, na tabaka hizo huteleza. Ndiyo sababu ugumu wake ni 1 hadi 2 katika kipimo cha Mohs, ilhali almasi ni 10. Grafiti pia hupitisha umeme na kustahimili joto kali.

Jina lilitoka wapi?
Zamani watu wa Ulaya waliidhania kuwa aina ya risasi. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alionyesha kuwa ni kaboni. Mwaka 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner aliipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "kuandika". Kwa hivyo penseli ya mwanao haina risasi. Ina grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Hata hivyo, mkanye asiitie kwenye soketi, kwani umeme utapita na kumdhuru.

Inatumika wapi?
Hutumika katika betri za simu na magari ya umeme, vyungu vya kuyeyushia metali, vilainishi vya mashine na brashi za mota.

Kabla ya kuchimba au kuuza
Si kila jiwe jeusi ni grafiti. Manganizi pia huchafua vidole. Uhakika hupatikana maabara.

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2016, madini ni mali ya umma, na kuchimba kunahitaji kibali. Mtafutaji madini hana ruhusa ya kuingia katika shamba lako la kibinafsi bila idhini yako. Katika mrabaha unaolipwa, asilimia 70 ni ya serikali ya kitaifa, 20 ya kaunti na 10 ya jamii ya eneo husika. Mawe yakiuzwa kwa siri, fungu la jamii hupotea.

Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Uliza kwanza katika ofisi ya madini iliyo karibu nawe.