Mlo wa Baridi ya Rwenzori

Askari apangiwaye Kasese hudhani amepelekwa penye joto, wala hakosei: mji umekaa kwenye kimo cha mita 1,000 hivi, na jua lake ni kali. Lakini juu yake Mlima Rwenzori umeinuka hadi mita 5,109, kilele cha Margherita, na kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua nyuzi 6 hivi. Waliokesha mlimani humo baada ya waasi wa ADF kushambulia Mpondwe, jirani na Bwera, mwezi Novemba 1996, hawahitaji kuelezwa baridi hiyo.

Waholanzi hujikinga na baridi yao kwa njegere kavu zilizopikwa na nyama ya nguruwe, mpaka supu iwe nzito kiasi cha kusimamisha kijiko. Rwenzori supu hiyo ingewatesa wapishi. Kwenye mita 4,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 87 tu, na maharagwe hukaa motoni saa nyingi yasilainike. Afadhali yapikwe chini, yapandishwe yakiwa tayari.

Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, wana bundu, yaani ugali wa muhogo. Huiva upesi, hukaa tumboni, na huliwa kwa samaki mkavu wa Ziwa George au Edward, chumvi ya Katwe na kisamvu. Kwa mlinzi wa zamu ya usiku, sioni mlo uushindao.

Ila bundu ina sharti lake. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, nayo huondolewa kwa kuuloweka siku kadhaa na kuuanika vema. Mwezi Septemba 2017 watu 98 wilayani Kasese waliugua baada ya kula unga wa muhogo, baadhi yao mazishini, na wawili wakafariki. Unga ulipopimwa, ulikutwa na sianidi mara kadhaa ya kiwango kinachoruhusiwa, miligramu 10 kwa kilo. Nao walikuwa wameupika, moto haukuwaokoa.

Basi mwenye kununulia kikosi unga sokoni Bwera na aulize muhogo ulilowekwa siku ngapi, na asiyejibiwa sawasawa aondoke na fedha zake. Askari akitapika au kushikwa na kizunguzungu baada ya mlo, apelekwe Hospitali ya Bwera mara moja, na unga uliobaki uhifadhiwe upate kupimwa.