Telefone ikikosea ugonjwa wa muhogo



Vikundi kadhaa sasa viko na telefone yenye programu ya kutambua magonjwa ya muhogo kwa foto ya jani. Ni chombo kizuri. Lakini programu nayo inazeeka, na ikizeeka inaweza kusema jani ni zima wakati lina mozaiki. Mukiamini jibu hilo na kugawa vijiti vya kupanda, ugonjwa unaingia mashamba ya wanamemba wote. Ndiyo sababu ni vizuri mujue kutafuta kosa liko wapi.

Programu inafanya kazi namna gani?

Kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni kamera. Ya pili mafundi wanaiita maktaba: inabadilisha foto kuwa namba za rangi, nukta kwa nukta. Ya tatu ndiyo iliyofundishwa magonjwa, na ndiyo inatoa jibu.

Maktaba moja inayotumiwa sana ni OpenCV. Ilianza katika kampuni ya Intel mwaka wa 1999, na imeandikwa kwa lugha za kompyuta C na C++. Fundi anayetumia lugha nyingine, isiyo na watu wengi, lazima ajenge daraja kati ya lugha yake na maktaba hiyo. OpenCV inabadilika kila mara, na njia zake nyingi za zamani zimeachwa. Daraja likikosa mtu wa kulitunza, programu inabaki na maktaba ya zamani. Telefone ikipata mfumo mpya, programu inakataa kufunguka, ao inafunguka lakini inasoma vibaya.

Kuna kosa moja linalodanganya sana. OpenCV inapanga rangi hivi: bluu, kijani, nyekundu. Programu nyingi zinaanza na nyekundu. Daraja lisipogeuza mpango huo, nyekundu na bluu zinabadilishana nafasi. Kijani kinabaki kijani, lakini manjano ya mozaiki inakuwa kama bluu ya maji, na ile sehemu iliyofundishwa haiitambui tena.

Muchunguze hivi

1. Mupanguse kioo cha kamera kwa kitambaa laini. Mupige foto tena penye mwangaza, jani moja lijaze picha, pasipo kivuli cha mkono.

2. Mupige foto ya tomati iliyoiva ndani ya programu ile ile. Ikionekana bluu, kosa ni la programu. Ikionekana nyekundu, bado haitoshi, muendelee.

3. Muchukue majani mawili munayoyajua vizuri: moja zima, lingine lenye mozaiki ya wazi. Programu ikitoa jibu moja kwa yote mawili, muiache mpaka itengenezwe.

4. Muandikie fundi jina la telefone, namba ya Android, namba ya toleo la programu, na maneno ya kosa jinsi yalivyo kwenye kioo. Bila hayo atabahatisha tu. Musifute programu kwanza, juu foto ambazo hazijatumwa zinaweza kupotea.

Hata ikiwa nzima

Programu ya Nuru ya PlantVillage ilipimwa shambani, na matokeo yalitangazwa mwaka wa 2020. Kwa jani moja ilipata 65 kwa 100. Kwa majani sita ya mmea mmoja ilipata kati ya 74 na 88. Basi musiamue kwa jani moja, hata programu ikiwa mpya.

Tena, ugonjwa wa michirizi ya kahawia unajua kujificha: majani yanaweza kuonekana karibu mazima na huku mizizi inaoza ndani. Kabla ya kugawa vijiti, mungoe mimea kadhaa, mukate mizizi, muangalie kama kuna madoa makavu ya kahawia. Kama kisu na telefone havisemi kitu kimoja, vijiti visitoke shambani. Muite kwanza agronomu wa kooperativi.