TAA YA PIKIPIKI IKIKATAA KUWAKA, TUFUATE NJIA YA UMEME



Hapa Goma jua linazama karibu saa 12 jioni, mwaka mzima. Mutu anayepanda moto ya mumotari saa 1 ya usiku kutoka Mapendo kwenda Himbi ao Majengo anakuta mara nyingi barabara bila taa hata moja. Taa ya mbele ndiyo macho ya mumotari. Ndiyo pia inayomujulisha mwenye chukudu na mama aliyebeba muzigo kwamba pikipiki iko inakuja. Na wengi kati yetu, minervali yetu inatoka ku pikipiki ya baba ao ya kaka. Juu ya hiyo sisi wa mwaka wa mwisho tumeona vizuri tueleze jambo hili.

Tunaona kila siku: taa inazimika, mutu anakimbia Birere kununua ampule mupya, anaiweka, inakataa tena. Feza imeenda bure. Ampule si mwizi kila mara. Umeme iko na safari ya kwenda na kurudi. Unatoka ku batri, unapita ku fizible (fyuzi), ku ufunguo na ku butoni, unafika ku ampule, kisha unarudi ku batri kupitia chuma cha pikipiki. Njia hiyo ya kurudi mafundi wanaiita masi. Safari ikikatika pahali pamoja tu, taa inakufa. Basi tufuate njia hatua kwa hatua.

1. Tuulize kwanza: ni taa ya mbele peke yake, ao na klaksoni na taa za kugeuka? Kama vyote vimekufa, tuangalie batri, fizible na masi. Kama taa ndefu inawaka na fupi inakataa, ni uzi mumoja wa ampule umekatika ao butoni imechafuka.

2. Fizible ikiungua, tuweke ingine ya namba ile ile. Tusiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara! Fizible inajitoa ili nyaya zisiungue. Ikiungua tena mara moja, kuna waya uliochubuka na kugusa chuma.

3. Tutengeneze kipimo: ampule kidogo ya volti 12 na nyaya mbili. Waya mumoja tuushike ku chuma safi, wa pili ku waya unaoleta umeme ku taa. Kikiwaka, umeme unafika. Kosa ni ampule ao masi. Kisipowaka, turudi nyuma kuelekea batri mupaka tupate pahali inapowaka. Lakini pikipiki nyingi ndogo zinapeleka umeme wa alternateri moja kwa moja ku taa ya mbele: hizo tuzipime injini ikiwa inazunguka. Taa yao kufifia kidogo injini ikiwa polepole si ugonjwa.

4. Masi: tukiwasha taa ya kugeuka na ile ya mbele inafifia, tushuku masi. Tufungue bulo, tusugue kutu na rangi, tukaze tena.

5. Shingo ya usukani: tugeuze kushoto na kuume, taa ikiwa inawaka. Ikikonyeza, waya umevunjika ndani ya ngozi yake. Nyiragongo ilipitisha moto wake katikati ya muji tarehe 17 Januari 2002, na makoro yake tunaendesha juu yake mupaka leo. Mutikisiko huo unakata nyaya na kulegeza vifungo.

6. Ampule zikiungua moja kisha ingine, regilateri ndiyo ya kushuku. Injini ikizunguka kwa nguvu, kipimo ku batri kionyeshe karibu volti 13,5 mupaka 14,5. Ikipita 15, tusinunue ampule ingine mbele ya kubadilisha regilateri.

Tukumbuke pia somo la fizika: P = U × I. Ampule ya wati 35 ku volti 12 inakula karibu ampea 3. Mutu akiongeza taa mbili za wati 20, anapita ampea 6, ku waya mwembamba ambao haukufanywa kwa kazi hiyo. Ngozi yake inayeyuka, na moto unaweza kushika karibu na tanki ya esanse.

Mbele ya kugusa nyaya, tuzime injini, tutoe waya wa masi ku batri. Kuunga waya ni kusokota vizuri na kufunika na skochi ya umeme, hapana mufuko wa plastiki. Mvua ya Goma haisamehe.

Wenzetu, wadogo zetu wanabebwa ku pikipiki hizi usiku. Tukiona taa imekufa, tusiseme "tutafika tu". Tupime kwanza.