Mukuba wa Kasumbalesa na mukuba wa ndani ya mwili

Kila siku, kwenye barabara ya Kasumbalesa, tunapishana na makamio yenye kubeba mabamba ya mukuba. Mtoto wa Lubumbashi anajua jina lake mbele hata ya kuanza masomo: katode. Lakini kuko mukuba mwingine, mdogo sana, unaofanya kazi usiku na mchana ndani ya kila mmoja wetu. Njo huo tunataka kuongelea leo.

Tukivuta hewa, oksijeni inabebwa katika damu na chuma. Chuma hicho kinakaa katikati ya kitu kinachoitwa hemu, chenye kupatia damu wekundu wake. Mwisho wa safari, ndani ya seli, oksijeni inafika kwa enzimu moja, sitokromu oksidazi. Pale hemu na mukuba vinaangaliana uso kwa uso. Vinakata oksijeni na kuigeuza maji. Nguvu yetu nyingi inatokea pale.

Sasa, sababu gani mukuba, na si chuma cha pili? Kule Marekani, katika Univerzite ya Illinois, Yi Lu na wenzake walitafuta jibu. Enzimu yenyewe ni kubwa na ngumu kuchezea. Basi wakachukua myoglobini, protini nyepesi ya nyama ya nyangumi, nayo ina hemu. Wakabadilisha vipande vyake, mpaka ikapata kiti cha metali ya pili kando ya hemu. Kwenye kiti kile wakakalisha zinki, kisha chuma, kisha mukuba. Matokeo yakatoka mwaka 2017: chuma kilipita zinki mara 11, mukuba ukaipita mara 30. Zinki ya Kipushi itusamehe.

Wale waliofanya kazi ya elektrolizi kule Shituru, Likasi, hawatashangaa sana. Kila metali ina njaa yake ya elektroni. Wenye masomo wanaitaka potensiali redoksi. Katika mabeseni yale mukuba njo wenye njaa kubwa: unashika elektroni wa kwanza na kuganda kwenye katode, kobalti na zinki zinabakia ndani ya maji. Ndani ya protini pia, mukuba unapokea elektroni mbio, halafu unazisukumia oksijeni. Tena unalegeza kile kifungo chenye kuunga atomu mbili za oksijeni. Mbele ya pale, wenzetu hao walikuwa wamebadilisha hemu yenyewe ili njaa yake iongezeke, na kazi ikaenda mbio zaidi.

Mambo haya si ya labo tu. Sianidi inayotoka katika mihogo michungu inashika chuma cha hemu ile ile. Oksijeni iko, lakini seli haiwezi kuitumia. Mwaka 1938, daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya konzo katika Kwango: miguu inakauka kwa ghafla, kwa watu wanaokula mihogo michungu isiyoloweshwa vizuri. Mama anayeiacha majini siku tatu anaondoa sianidi karibu yote, bila mashini. Lakini kule Bandundu, barabara ya Kinshasa ilipotengenezwa, wanunuzi wakawa wengi, na watu wakaanza kutoa mihogo majini kisha siku moja tu, kusudi makamio yasiondoke matupu.