Kwa nini msaada wa chakula Kigoma hauishi?

Hapa Ujiji nalisikia sana swali hili: "Wakimbizi wanapewa chakula miaka nenda rudi, mbona hawajitegemei?" Ngoja nifafanue kidogo.

Msaada uko wa aina mbili. Wa kwanza ni wa kuokoa maisha. Mei 2015 maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, na kipindupindu kikaingia. MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, wanapumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Hapo huwezi kumwambia mtu ajitegemee. Anataka maji, dawa na chakula, basi.

Wa pili ni wa maendeleo, na hapa ndo tunapokwama. Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule sasa ni mtu mzima, lakini Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka akae kambini. Kutoka ni kibali, kufanya kazi ni kibali. Kwa hiyo wafadhili wakipunguza hela, WFP inapunguza mgao wa unga na maharage, na yeye hana pa kuongezea.

Mwisho wa 2016 WFP ilianza kuwapa baadhi ya familia za Nyarugusu pesa badala ya chakula, wakanunue wenyewe. Faida yake? Hela inaingia sokoni, hata mkulima na mchuuzi wa jirani anapata chake. Mwaka 2017 serikali ikasitisha.

Wanavijiji nao wana hoja, hasa kuni. Wengi kambini wanapikia kuni, miti inakwisha, ugomvi unaanza.

Mfano mzuri tunao hapa hapa ziwani. Mwaka 1994 taasisi ya Jane Goodall ilianzisha TACARE kwenye vijiji vya jirani na Gombe. Lengo lilikuwa kuokoa msitu, lakini wanakijiji walipoulizwa, wakataja maji, afya na elimu. Mradi ukayabeba yote, pamoja na mikopo midogo kwa akina mama.

Ninachosema ni hiki: mgao hauishi kwa sababu ya uvivu. Hauishi kwa sababu anayeupokea hana ruhusa ya kulima wala kuuza kwa uhuru, na jirani yake kijijini anabaki na hasara ya miti bila faida ya soko.

Wa Kasulu, Kibondo na Kakonko, nyie mnaonaje? Naomba kuwasilisha.