MAELEZO KUHUSU DARAJA LA MITANDAO KATIKA KOMPYUTA ZA LINUX

Watumishi wanaosimamia kompyuta za afisi, pamoja na wananchi wenye shughuli zinazotegemea mitandao, wanafahamishwa maana ya daraja la mitandao na mambo ya kuzingatiwa kabla ya kulifunga.

Daraja ni utaratibu wa kuunganisha kadi mbili au zaidi za itheneti ndani ya kompyuta moja, hata vyombo vilivyo pande zote vikawa katika mtandao mmoja. Halifanani na ruta. Ruta husoma anwani ya IP. Daraja huangalia anwani ya kadi tu, yenye baiti 6, ambayo kadi hutoka nayo kiwandani. Linapopokea fremu kutoka upande fulani, hukumbuka kuwa mtumaji yuko huko, na kumbukumbu hiyo kwa kawaida hufutwa baada ya sekunde 300 za kimya. Fremu ambayo mpokeaji wake hajajulikana hupelekwa pande zote nyingine.

Daraja huundwa kwa amri hii:

ip link add name br0 type bridge

Kisha kila kadi huingizwa, na daraja huwashwa:

ip link set dev eth0 master br0
ip link set dev eth1 master br0
ip link set dev br0 up

Kadi zenyewe nazo hazina budi kuwashwa. Majina eth0 na eth1 ni ya mfano. Kompyuta nyingi za sasa hutumia mengine, mathalan enp3s0.

Linalowasumbua wengi ni anwani ya IP. Kadi ikishaingia katika daraja, anwani yake huhamishiwa br0, pamoja na njia ya kutokea nje. Fundi aliyeko Unguja anayeshughulikia kwa mbali kompyuta iliyoko Pemba, akiingiza kadi anayowasiliana nayo kabla ya kuhamisha anwani, hukatika papo hapo, na mashine haimsikii tena hadi mtu aifikie kwa mkono. Hivyo basi, amri zote ziandikwe katika faili moja na ziendeshwe kwa pamoja. Kwa kuwa amri hizi hazidumu mashine ikizimwa, ni busara kutanguliza shutdown -r +10: mambo yakiharibika, mashine hujiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudia hali ya awali. Yakitengemaa, agizo hilo hufutwa kwa shutdown -c, na mpangilio mpya huandikwa katika faili ya kudumu, ambayo kwa Debian huweza kuwa /etc/network/interfaces.

Aidha, ipo hatari ya mzunguko. Endapo waya wa pili utaunganisha pande mbili za daraja, fremu huzunguka bila kikomo, maana fremu ya itheneti haina hesabu ya kuifisha kama ilivyo kwa IP, na afisi nzima hukosa mawasiliano. Kinga yake ilibuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, ikaingizwa katika kanuni ya IEEE 802.1D mwaka 1990. Katika Linux kinga hiyo huwa imezimwa mpaka iagizwe:

ip link set dev br0 type bridge stp_state 1

Ikishawashwa, kila kadi husubiri sekunde 30 hivi kabla ya kupitisha chochote. Kimya hicho si hitilafu, na waya usichomolewe.